Daraja Lipo

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, mlinzi wa kivuko cha reli alitoka kwenye kibanda chake, akagonga kengele mara tatu, akazungusha gurudumu la chuma mpaka kizuizi kikalala juu ya barabara, kisha akasimama na bendera ya kijani mkononi kungoja treni ya saa kumi na mbili na kumi. Nyuma ya kizuizi walisimama mwenye mkokoteni wa maboksi ya sabuni, wanafunzi wanane, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga mswaki huku akitembea. Treni ikapita. Kizuizi kikainuka, watu wakavuka. Ndivyo siku zilivyoanza kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo watu walisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Kengele, naye akiitwa hivyo aliitika.

Ng'ambo ya reli, hatua arobaini kutoka kibandani, kulikuwa na nyumba yenye dirisha la bluu, na kwenye dirisha hilo alikaa mama yake. Miguu ya mama ilikuwa imeacha kazi miaka sita nyuma, na macho yalikuwa njiani kuifuata, ila masikio yalikuwa mazima kabisa. Saa ya ukutani hakuihitaji. Kengele ya kwanza ilikuwa ya kuamka, ya saa mbili kasoro robo ilikuwa ya dawa ya presha, na ya saa sita na dakika arobaini ilikuwa ya binti yake. Baada ya treni hiyo reli ililala zaidi ya saa nzima, na Bi Kengele alivuka, akamwogesha mama, akambadilisha nguo, akamlisha, akamsikiliza akiuteta mtaa mzima nyumba kwa nyumba, kisha akarudi kazini kabla ya treni ya saa nane. Kila kengele ilipolia mama aliinua mkono dirishani kuonyesha kwamba amesikia. Hawakuwa na mapatano mengine.

Upande wa mama uliitwa upande wa kiwanda, kwa sababu ya kiwanda cha sabuni. Kulikuwa na nyumba kama mia tatu na harufu nzuri isiyolisha mtu. Zahanati, shule, soko na makaburi vilikuwa upande wa stesheni. Katika reli nzima, kutoka mjini mpaka mwisho wake, kivuko kilikuwa hicho kimoja tu, na majukwaa ya abiria yote yalikuwa upande mmoja. Kwa hiyo mtu wa kiwandani aliyetaka kuugua, kusoma, kununua nyanya au kuzikwa alipita kwa Bi Kengele.

Siku ya Jumanne alikuja ofisa wa uainishaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyofutwa vumbi, na alibeba fomu ya ukurasa mmoja. Mkuu wa stesheni alimfuata nyuma akiwa amefunga vifungo vyote vya koti.

"Hii yenu, mama, ni treni ya kawaida ya vitongoji," ofisa alimweleza Bi Kengele bila kuulizwa. "Inakwenda kwa ratiba. Inagawana njia na treni ya mizigo. Abiria anapanda ngazi kama anayepanda darini. Na ikifika barabarani inagongewa kengele, kama mgeni anayebisha hodi. Metro haibishi hodi. Metro ina njia yake peke yake, haikutani na mtu wala kitu. Na abiria wa metro haulizi treni ni saa ngapi. Anakwenda tu, anaikuta."

"Sasa mnataka iwe metro?"

"Imeshakuwa. Tunajaza fomu tu."

Fomu ilikuwa na maswali manne. Je, reli hii hutumiwa na treni za mizigo? Mkuu wa stesheni alikuwa amejibu hapana. Je, treni hupita mara nyingi kiasi kwamba abiria hahitaji ratiba? Ndiyo, kila dakika nne. Je, abiria huingia kwenye behewa bila kupanda? Ndiyo. Swali la nne lilisema: Je, kuna watu, magari, mifugo au mizigo inayovuka reli hii ardhini? Hilo lilitaka sahihi ya mwenye dhamana ya kivuko.

"Andika hapana," mkuu wa stesheni alisema.

"Mkuu, si hawa hapa wanavuka?"

"Daraja lilishapitishwa. Mwaka juzi lilianza, mwaka jana likakamilika, kila kitu kipo kwenye faili."

"Mbona silioni?"

"Dada yangu, wewe umelifungua faili? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Saini hapo, treni inakuja."

Bi Kengele alijua kama wote walivyojua kwamba daraja lile liliwahi kuwa na saruji na nondo, na kwamba waliolila hawakucheua hata kidogo. Lakini mkuu wa stesheni alikuwa mkuu wa stesheni, na zilibaki dakika tatu. Aliiweka fomu juu ya gurudumu la chuma, bendera akaibana kwapani, akasaini wima. Kisha akagonga kengele.

Alhamisi fomu iligongwa mhuri. Ijumaa asubuhi treni ya saa kumi na mbili na kumi ilipita saa kumi na mbili na kumi, ikapita tena baada ya dakika nne, na tena baada ya dakika nne. Ilikuwa treni ileile na abiria walewale. Mwanamke mwenye kikapu chekundu aliyekaa kwenye dirisha la tatu alipita mara kumi na tano kabla ya saa moja na dakika kumi, na mara zote alikuwa akimenya yai. Mabehewa yalipofika jukwaani yalipiga magoti ili abiria aingie bila kupanda. Treni ya mizigo haikuonekana tena, ingawa mara mbili kwa siku vikombe vilitikisika mezani na harufu ya magogo mabichi ikapita kwa muda mrefu.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu barabara. Alitoka upande wa kiwanda, akaukanyaga ukingo wa lami kati ya reli mbili, akasukuma, akatokea upande wa kiwanda uleule aliotoka, uso ukielekea nyumbani. Akageuza mkokoteni akarudia. Mara ya tatu akaketi juu ya maboksi yake, akachokonoa meno.

"Imefunga?" alimpigia kelele Bi Kengele.

"Inaonekana imefunga."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Saa sita na dakika arobaini Bi Kengele aligonga kengele kama kawaida. Mama akainua mkono. Bi Kengele alichukua ndoo yake, taulo, na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, akangoja mwanamke wa kikapu chekundu apite, akavuka. Alihesabu hatua kama alivyozoea. Kwenye ya kumi na nane aliona mbele yake mlango wa kibanda chake, na kalenda ya mwaka uliopita, na kiti chake chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Aligeuka. Dirisha la bluu lilikuwa palepale, na mama alikuwa amekwisha kufungua kifungo cha juu cha gauni ili aogeshwe.

Alijaribu mpaka maji ya ndoo yakapoa. Baadaye aliweka bakuli chini akalisukuma kwa mti mrefu kuvusha reli. Bakuli likapotea kwenye ncha ya mti na kumgonga kisigino kutoka nyuma. Kunguru walivuka. Moshi wa kiwanda ulivuka, na sauti pia. Paka wa kiwandani alivuka alivyopenda, kwa sababu paka si mfugo, ni mpangaji. Bi Kengele alimfunga paka yule vidonge vya presha shingoni kwa uzi, na paka akafika ng'ambo akiwa na shingo tupu, vidonge vikabaki miguuni pake Bi Kengele. Fomu ilikuwa imesema mizigo.

"Mama!" aliita. "Leo sitaweza kuja!"

"Nimeona!" mama alijibu. "Nifunge kifungo?"

"Funga!"

Watu hawakukaa sana kujiuliza. Ilikuja kujulikana kwamba kule reli inakoishia, kwenye boriti mbili na kifusi, bado mtu anaweza kuzunguka. Unapanda treni kwa muda wa saa moja na robo mpaka mwisho, unazunguka kifusi, unatembea siku moja na nusu kurudi kwa upande wa pili. Wa kiwandani nao hutembea siku moja na nusu kwenda, ndipo wapande treni kuja. Wanafunzi walianza kuondoka nyumbani Jumamosi ili wawahi kengele ya shule ya Jumatatu. Wenye duka la dawa la upande wa stesheni hawakuondoka, kwa hiyo upande wa kiwanda watu walijifunza kuugua magonjwa madogo. Mke aliyekuwa sokoni asubuhi ile ya Ijumaa alimwona mumewe kila siku, akamwelekeza kwa kelele mahali ilipo chumvi.

Mama alitunzwa na jirani yake, fundi cherehani, mjane mwenye mikono mikubwa na futi ya kupimia isiyotoka shingoni. Alimwogesha asubuhi kabla ya kukaa kwenye mashine. Bi Kengele aliyaona yote kutoka kibandani. Aliona fundi akisugua mgongo haraka mno, akaona maji yakiachwa masikioni, akaona kitana kikipitishwa kwenye nywele za mama bila kutiwa mafuta kwanza. Alishukuru kwa sauti kubwa kila siku. Moyoni hakushukuru, na hilo lilimuuma zaidi, maana mtu anayekusaidia bure humsahihishi namna ya kushika sifongo.

Aliendelea kugonga kengele. Haikuwa na kazi tena. Treni zilipita kila dakika nne na metro haibishi hodi. Lakini mama alimeza kwa kengele dawa aliyoletewa na waliozunguka, alikula kwa kengele, alilala kwa kengele. Kwa hiyo Bi Kengele aliichukua ratiba ya zamani iliyong'olewa ukutani pa stesheni, akaitundika kibandani, akawa anagonga kwa treni ambazo hazikuwapo. Mkono uliinuka dirishani. Siku nyingine hicho ndicho kitu pekee alichokumbuka jioni.

Wiki ya tano alipanda treni kwenda makao makuu. Ofisa wa uainishaji alimkumbuka, akamkaribisha ndani, akalitafuta faili mwenyewe.

"Nataka kusahihisha," Bi Kengele alisema. "Niliandika hapana. Kuna barabara moja."

"Mama, aliyesaini hapa ni mlinzi wa kivuko."

"Ndiye mimi."

"Metro haina kivuko. Isiyo na kivuko haina mlinzi wa kivuko." Aligeuza karatasi ili aione mwenyewe. "Sasa nani atasahihisha?"

"Basi jengeni daraja."

"Daraja lipo. Tukijenga la pili tutaulizwa la kwanza lina kasoro gani."

"Watu wanazunguka siku mbili, mwanangu. Wanafunzi wanalala njiani."

Ofisa alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. "Labda hawapendi ngazi," alisema.

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshauri ashike ukuta kwa sababu sakafu ilikuwa imedekiwa.

Njiani kurudi Bi Kengele alikaa karibu na mwanamke wa kikapu chekundu. Alitaka kumuuliza kama hachoki, lakini yule alikuwa na yai mdomoni.

Kilichomkaa rohoni sasa ni kwamba mama hakuwa anajua nani amesaini. Upande wa kiwanda walisema ni wakubwa. Mama alisema hivyo pia, akawalaani wakubwa kila mchana kwa sauti iliyofika vizuri kibandani, pamoja na watoto wao na wajukuu wao. Mjukuu wa Bi Kengele alikuwa na miaka miwili. Kwa hiyo siku moja, baada ya kengele ya saa sita na dakika arobaini, alitoka nje, akasimama ukingoni mwa lami.

"Mama! Nina neno!"

Fundi alisimamisha mashine. Mwenye mkokoteni, ambaye siku hizi alikuja kukaa pale tu kwa mazoea, aligeuka. Siri ya kupaziwa sauti hatua arobaini si siri tena, lakini njia nyingine haikuwapo.

"Ile karatasi!" Bi Kengele aliita. "Nilisaini mimi!"

Treni ikapita. Mwanamke wa kikapu chekundu akapita. Behewa la mwisho lilipoondoka, mama alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasema?"

Ilibidi arudie, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. "Niliandika hapa hapana njia! Nilisaini mimi, mama!"

Mama alishusha kiganja sikioni. Mtaa wote ulitega sikio. Bi Kengele alingoja laana, akawa amejiandaa kuipokea, hata angeshukuru.

"Walikupa kiti?" mama aliuliza.

"Nini?"

"Wakati wa kusaini! Walikupa kiti?"

"Hapana! Nilisaini wima!"

"Basi hawakukuheshimu!" mama alisema. "Mtu hasaini wima!" Halafu akavuta pumzi, kwa sababu kupiga kelele kulimchosha. "Na mimi usinifikirie habari ya kuzunguka! Nimekaa hapa miaka arobaini, sikuzunguka! Nikifa wanipitishe hapohapo getini! Fundi, umesikia? Hapohapo! Mwanangu yupo!"

"Nimesikia," fundi alisema.

"Na maji ya kesho usiyachemshe sana, mimi si shati."

Mashine ya cherehani ikaendelea. Bi Kengele alirudi kibandani akakaa kwenye kiti chake. Alijaribu kulia, ikawa kama kutafuta kitu ambacho umesahau ulikiweka wapi. Saa nane kasoro dakika tano alitoka kugonga kengele, na mkono uliinuka.

Mama alikufa Jumatano moja, katika mwezi wa nne tangu njia ifunge. Kengele ya kuamka ililia, mkono haukuinuka. Bi Kengele hakuwahi kugonga zaidi ya mara tatu katika maisha yake ya kazi, lakini siku hiyo alipumzika kidogo akagonga tena tatu. Fundi alitoka nyumbani kwake bila viatu, akaingia kwenye nyumba ya dirisha la bluu, akakaa humo. Alipotoka alikuwa ameivua futi shingoni.

"Bi Kengele!"

"Nimeona."

"Alilala vizuri! Jana alikula sahani nzima!"

"Ahsante, fundi!"

Kuzunguka kungemfikisha Ijumaa. Mkuu wa stesheni alikuja kumpa pole, akasimama na kofia mkononi. "Ruhusa ya msiba hupewa aliye kwenye orodha," alisema, "na wewe kwenye orodha hupo. Kwa hiyo nenda tu. Hakuna atakayekukosa." Alisema kwa wema, hakujua kwamba ni neno la kumaliza mtu. Bi Kengele alifunga mkate kwenye kitambaa, akaenda jukwaani. Treni ikaja, ikapiga magoti mbele yake. Hakupanda. Ilikuja nyingine, na nyingine, zikapiga magoti, naye akasimama na mkate wake mpaka akakumbuka vizuri maneno ya mama. Mama alisema hazunguki, na alisema binti yake yupo. Alirudi kibandani.

Alhamisi mchana wanaume wanne wa kiwandani walimleta mama kwenye jeneza la mbao za makasha ya sabuni. Nyuma yao walikuja fundi na watu wa mtaa. Hawakuwa na matumaini. Lilikuwa jambo la wosia, na wosia hutimizwa hata kama ni wa kijinga. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Bi Kengele aligonga kengele mara tatu, akashusha kizuizi upande wake, kisha akakiinua, kama anayewapisha watu wa kweli. Mwanamke wa kikapu chekundu alikuwa ameshapita. Wale wanne wakakanyaga lami.

Walitokea upande wa kiwanda, kama kila mtu, nyuso zikielekea nyumbani. Ila wa mbele alisema, "Mbona jepesi?" Waliliweka chini wakalifungua. Ndani kulikuwa na sanda, ikiwa bado imefungwa ncha mbili.

Upande wa stesheni, mbele ya kibanda, mama alikuwa amelala juu ya lami kama alivyozaliwa. Fomu iliuliza habari za watu, magari, mifugo na mizigo. Habari za maiti haikuuliza.

Bi Kengele alivua koti lake la mvua la kazini akamfunika. Alimwinua, alikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka, maana miezi mitatu hakumbeba. Alimwingiza kibandani, akafunga mlango, akachota maji kwenye ndoo ileile, akayajaribu kwa kiwiko cha mkono. Fundi alikuwa ameshamwosha, na alimwosha vizuri, lakini maji yalikuwa yamebaki masikioni. Bi Kengele aliyafuta kwa ncha ya taulo. Alitia mafuta nywele zake kwanza, ndipo akachana. Alimsugua mgongo taratibu, akamweleza habari za upande wa stesheni nyumba kwa nyumba, nani ameoa, nani amefilisika, nani ananenepa bila sababu. Treni zilipita ishirini na mbili. Alipotoka nje alikuwa amelowa mpaka viwikoni, na watu wa ng'ambo walikuwa bado wamesimama palepale.

"Amefika?" fundi aliuliza.

"Amefika."

"Haya," fundi alisema, na watu wakaanza kurudi majumbani.

Mama alizikwa jioni hiyo upande wa stesheni.

Habari ilienea bila kelele. Baada ya wiki mbili alivuka mzee wa mtambo wa kuchanganyia sabuni. Baada yake alivuka mtoto mchanga, aliyezaliwa kwa shida usiku kucha huku mama yake akizitazama taa za zahanati kutoka kitandani; muuguzi wa zamu naye alisimama mlangoni pa zahanati muda wote huo, akamwelekeza mkunga kwa sauti mpaka sauti ikakauka. Bi Kengele alimpokea mtoto yule kwa mikono miwili. Alikuwa bado na joto. Aligonga kengele kwa kila mmoja, kwa sababu aliona si vizuri mtu avuke kimyakimya.

Mkuu wa stesheni aliandika taarifa makao makuu kwamba hali ya uvukaji imeimarika. Ofisa wa uainishaji alikuja tena, viatu vimefutwa vumbi. Bi Kengele alirudishwa kwenye orodha kwa cheo cha mpokeaji, akapewa koti jipya la mvua na shuka sita. Palikuwa na karatasi moja ya kusaini, yenye swali moja tu: Je, upande wa kiwanda kuna mkazi yeyote asiyeweza kuvuka kabisa? Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa: Hakuna.

Bi Kengele alilisoma mara mbili akitafuta uongo ndani yake. Hakuuona.

"Na daraja?" aliuliza.

"Daraja lipo, mama," ofisa alisema, na akamsogezea kiti. Kilikuwa kiti kizuri, cha kuegemea, kilicholetwa kutoka ofisini kwa mkuu. Bi Kengele alikitazama kwa muda. Kisha akakaa, akasaini.

Siku hizi fundi amehamishia mashine yake kwenye nyumba ya dirisha la bluu, kwa sababu kule mwanga ni mzuri. Shingoni, chini ya futi, ameota uvimbe. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya kunde, sasa hivi amelazimika kuongeza kola ya blauzi zake mwenyewe. Anapofunga uzi hutazama bango la zahanati, ambalo kutoka dirishani linasomeka vizuri mpaka saa za kazi.

"Bi Kengele!" aliita juzi.

"Naam, fundi!"

"Hivi nikizunguka, hapo zahanati nitafika lini?"

"Keshokutwa!"

Treni ikapita. Fundi alingoja behewa la mwisho.

"Na nikifa?"

Bi Kengele alitoka nje ili asikike vizuri, koti jipya likiwa mkononi.

"Papo hapo!"

"Ala!" fundi alisema. "Kumbe si mbali."

Akainamisha kichwa, akapitisha uzi kwenye sindano. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Bi Kengele aligonga kengele mara tatu, na kwenye dirisha la bluu fundi akainua mkono.